Msimsingizie Mungu Barafu ya Mlangoni

Jumapili iliyopita kijana mmoja alisimama kanisani akatoa ushuhuda. Alisema theluji ilimzuia kwenda kazini, na mzee aliyekuwa wa zamu yake akabaki peke yake mchana kutwa, lakini yeye anamshukuru Mungu kwa sababu kila jambo lina kusudi. Watu wakaitikia amina. Mimi nilikuwa benchi la nyuma, mahali pangu pa siku zote, na nilihisi uso wangu unawaka. Kusudi gani? Mzee wa watu akae mchana kutwa na nepi iliyolowa, bila chai, bila mtu wa kumgeuza, hilo ni kusudi la nani? Na mbona hakuna hata mmoja aliyeuliza mzee huyo anaendeleaje?

Sikusema kitu. Tangu nikiwa msichana kule Voi mimi si mtu wa kusimama mbele za watu. Mwalimu akiniuliza jambo ninalolijua, nilitazama miguu yangu mpaka akachoka akamgeukia mwingine. Shule niliishia darasa la saba, na kuandika kwangu ni kwa polepole, neno baada ya neno. Lakini mkono hauoni haya kama mdomo. Kwa hiyo nawaandikia ninyi vijana mnaoanza kazi hii ya kuwahudumia wazee majumbani hapa Birmingham. Mimi niliifanya mpaka magoti yakakataa. Nimekasirika, na sitajifanya sikukasirika.

Nianze na jua, kwa sababu jua ndilo lililonidanganya kwanza.

Majira yangu ya kwanza ya baridi niliamka asubuhi moja nikaona anga ni buluu tupu na jua linang'aa juu ya mapaa. Nikashukuru. Siku za nyuma kulikuwa na mawingu na mvua nyembamba isiyokwisha, nami nilidhani hiyo ndiyo baridi yenyewe, na sasa imekwisha. Kwetu jua likitoka namna ile unaanika mahindi. Nikavaa sweta jepesi na viatu vya kanisani, nikaenda kituo cha basi.

Pale kituoni alikuwa ananisubiri Miss Pearl, mama wa Kijamaika ambaye ofisi iliyoniajiri ilinipa nimfuate nijifunze kazi. Alikuwa amejifunga mitandio mpaka yanaonekana macho tu. Akanitazama kutoka juu hadi chini.

"Mwanangu," akasema, "nani amekufa ukaamua kumfuata?"

Sikuelewa. Nikamwambia jua limetoka.

"Jua hilo ni picha," akasema. "Limetundikwa tu."

Akavua mtandio mmoja akanifunga kichwani kama mtoto, mbele ya watu wote, nami nikatamani ardhi inimeze. Siku hiyo nilijifunza kwamba hapa anga ikiwa safi ndipo baridi ilipo kali, kwa sababu mawingu ndiyo blanketi la mji huu. Yakiondoka, joto lote linapanda juu linapotelea huko. Nilijifunza pia kwamba siku ya theluji kuanguka si siku ya kuogopa sana. Theluji mpya unaikanyaga kama unga. Ogopeni siku zinazofuata, jua likishayeyusha ya juu mchana na baridi ikaikamata tena. Hapo ndipo mifupa inapovunjika.

Miss Pearl alinifundisha kuvaa soksi kuukuu za mwanamume juu ya viatu, ili nyayo zishike barafu. Mtacheka. Mimi pia nilicheka, mpaka nilipomwona bwana mmoja mwenye suti akiteleza mbele yetu kutoka mlango wa duka hadi kwenye nguzo ya taa, akiwa bado ameshika simu sikioni. Alinifundisha kutembea kama bata, mikono nje ya mifuko. Alinifundisha kwamba ukiingia kwa mzee usimuulize kama anasikia baridi. Wazee wa hapa watakuambia hawajambo hata wakiwa wanaganda, kwa sababu hawataki kukusumbua. Weka kiganja kwenye rediata, kile chuma cha ukutani kinachopasha nyumba joto, kabla hata hujavua koti. Mshike mzee miguu, kisha nyuma ya shingo. Shika birika. Likiwa la baridi, hakuna aliyekunywa kitu tangu ulipoondoka.

Na alisali, Miss Pearl. Msidhani hakuwa mtu wa Mungu. Alisali ndani ya basi, macho wazi, midomo ikicheza. Siku moja nilimuuliza kwa nini hasali akishashuka, maana ndiko kwenye hatari.

"Ndani ya basi siendeshi mimi," akasema. "Humo namwachia Yeye. Nikishuka, miguu ni yangu."

Sasa ofisi. Ofisi zetu zilitupangia ratiba kana kwamba tuna mabawa. Unatakiwa umalize kumwogesha mtu Alum Rock, na dakika ileile uwe unamlisha mwingine Castle Vale. Njia ya katikati haikuwepo katika mawazo yao. Ilikuwa hivyo wakati wa kiangazi, na theluji ikianguka haikubadilika hata kidogo. Tukichelewa, kosa ni letu. Tusipofika kabisa, kosa ni la hali ya hewa. Nimefanya kazi miaka mingi na sijawahi kusikia siku ambayo kosa lilikuwa la aliyepanga ratiba.

Lakini nisiwadanganye kwamba kila kitu kinaweza kupangwa. Kulikuwa na mzee mmoja Longbridge, jina lake Ron, aliyekuwa fundi katika kile kiwanda cha magari kabla hakijavunjwa pakajengwa maduka. Mapafu yake yalikuwa mabovu. Majira ya baridi mabaya kuliko yote niliyoyaona, dirisha lake lilipasuka, boila la kupasha nyumba joto likazimika, na sisi tuliokuwa tukimhudumia tulisema kwaheri mioyoni. Ron akapita katika yote hayo akitukana na kula biskuti. Akaja kufa mwezi wa tano, asubuhi ya joto, ndege wanaimba, ameinama anafunga kamba za viatu. Mimi nilikuwa jikoni namkatia mkate. Hakuna nililoacha kufanya, na hakuna ambalo ningeweza kufanya. Siku hiyo nilikaa kwenye ngazi za nyumba yake nikasema, Mungu wangu, hili ni lako, mimi silielewi. Na nikaliacha kwake kweli.

Kwa hiyo yapo mambo ya Mungu. Ninachowaambia ni kwamba si yote, na ni uvivu mbaya sana kumrundikia Yeye yaliyo yetu. Habari ya Furaha itawaonyesha.

Furaha alikuwa msichana kutoka Nairobi, mcheshi, anayekula kama watu wawili asinenepe. Ofisi ilinipa nimfundishe, kama mimi nilivyofundishwa. Jumapili moja ya Januari alikuwa na kazi moja tu: kwenda Castle Vale mchana kwa Doreen. Doreen alikuwa mwanamke mzee aliyepatwa na kiharusi. Miguu ilikataa kabisa, lakini ulimi ulibaki mzima, mkali kama wembe. Alikaa peke yake. Mhudumu wa asubuhi alimwamsha na kumkalisha kwenye kiti karibu na dirisha, na kuanzia hapo Doreen hakuweza kuinuka mpaka mhudumu wa mchana afike. Hakuweza kwenda chooni, wala kufika jikoni, wala kuligusa boila likizimika. Mchana ule mtu wake alikuwa Furaha. Hakuna mwingine mpaka kesho yake asubuhi.

Theluji ilikuwa imeanguka katikati ya juma. Jumapili anga ilikuwa safi na jua zuri, la picha. Tulikuwa tumetoka ibadani, na sisi wa ushirika wa Kiswahili tukakutana kula nyumbani kwa Mama Neema, pale Alum Rock, nyumba ambayo mlango wake unatokea kwenye ngazi mbili fupi za saruji. Mama Neema ni mama wa Bukavu, anayempikia mgeni mpaka mgeni aombe msamaha. Mwanawe Elisha alikuwa kijana wa kazi za ghala, naye alikuwa anajifunza kuwa mhubiri. Alikuwa na sauti kubwa kuliko sebule ya mama yake.

Kwa Mama Neema mgeni hatumwi jikoni kunawa kwenye bomba. Hiyo kwake ni dharau. Elisha alipita na jagi la maji ya uvuguvugu, sabuni na beseni, akianza na wakubwa, akainama mbele ya kila mtu, ukanawa huku unaulizwa habari za watoto. Nasema kweli, katika nchi hii ambayo mtu anaweza kukaa juma zima bila kuguswa na mtu, desturi ile ilinipa raha kila mara. Tatizo halikuwa kunawa. Tatizo ni kwamba sinki la jikoni lilikuwa limejaa masufuria, na beseni lilipojaa, Elisha alifungua mlango wa mbele akayamwaga nje. Kama kwao. Kule unamwaga uani na ardhi inakunywa, kuku wanakuja kuchungulia, basi. Hapa ardhi ni saruji, na siku ile saruji ilikuwa haimezi kitu.

Tukala. Ugali, sombe ya majani ya muhogo, samaki. Ilipofika saa yake Furaha akasimama, bado anatafuna.

"Mama Neema, niwekee kichwa cha samaki. Nikirudi nisikie mtu amekigusa!"

"Wewe na hii njaa," Mama Neema akamjibu, "utaolewa na samaki."

"Mradi awe na kazi nzuri."

Tukacheka sote. Mlango ukafunguka. Tukasikia kishindo, kisha kimya, kisha sauti ya Furaha ambayo sitaki kuieleza.

Alikuwa amelala chini ya ngazi, mkono wa kulia umepinda mahali mkono haupaswi kupinda. Watu wakamiminika mlangoni. Mama Neema akashika kichwa: "Yesu wangu! Iko nini? Mtoto iko nini?" Elisha akainua mikono yote miwili, akaanza. Akaikemea roho ya ajali. Akamkemea adui anayewinda watumishi siku ya Bwana. Akaliamuru giza liondoke, na jua lilikuwa linatuchoma macho. Wengine wakaitikia. Ibada ikaanza upya pale pale, na binti amelala kwenye barafu.

Nikachuchumaa nikamfunika kwa koti langu. Furaha alikuwa amekuwa mweupe midomoni. Akasema, "Anti, Doreen."

"Nyamaza kwanza. Mkono wako umevunjika."

"Si mkono unaoenda Castle Vale. Nani ataenda kwa Doreen?"

Katika kelele zote zile, hilo ndilo swali pekee lililoulizwa, na aliyeuliza ni yule aliyelala chini.

Nikatazama pale alipoteleza. Njia yote ilikuwa na ukungu mweupe uliogandia, wa kukwaruza, unaoweza kukanyagika. Lakini kwenye ngazi kulikuwa na barafu safi kama kioo, imetanda kwa umbo la maji yaliyorushwa, ikashuka mpaka karibu na geti. Na ndani yake, limegandia vizuri kabisa, kulikuwa na povu la sabuni.

Jamani, shetani hanawi mikono.

Shemasi mmoja ndiye aliyekuwa na gari, na ilikuwa haki Furaha apelekwe hospitali nalo. Mabasi yalikuwa yamerudishwa gereji. Teksi nilizozipigia simu hazikukubali. Nikaipigia ofisi, akapokea kijana wa zamu. Nikamweleza: Furaha ameumia, Doreen yuko kwenye kiti, hakuna mtu. Nikasikia anabofya bofya.

"Sina mtu wa kumtuma," akasema. "Atamwona mhudumu wa asubuhi."

"Asubuhi ya kesho?"

"Mama, ni hali ya hewa. Ni kazi ya Mungu, si yetu."

Mimi ambaye mwalimu alishindwa kunifungua mdomo, nikamuuliza, "Wewe unasali wapi?"

"Mimi? Sisali popote."

"Basi usimtaje."

Nikakata simu. Mlangoni wanaosali wanasema ni shetani. Ofisini asiyesali anasema ni Mungu. Kila mtu amepata mtu wa kumtwika, na mama wa watu anakaa kwenye kiti anasubiri chakula chake cha mchana.

Elisha alikuwa bado mlangoni, sauti imeanza kukauka. Nikamwambia, "Vaa viatu. Unanisindikiza Castle Vale."

"Kwa miguu, anti? Na maombi?"

"Utaomba ukitembea. Chukua soksi za marehemu baba yako, uvae juu ya viatu."

"Juu? Watu wataniona."

"Wakuone."

Kwa basi si mbali. Kwa miguu ya bata, juu ya barafu, ni mbali sana. Tulitembea kando ya kuta, tukishika geti hadi geti. Pale ambapo watu walikuwa wamemwaga chumvi ya kuyeyusha barafu mbele ya nyumba zao tulitembea kama wafalme. Pale ambapo hawakumwaga tulitambaa. Ukitaka kumjua jirani mwema, subiri siku kama ile utazame mbele ya mlango wake. Elisha alianguka mara ya kwanza mbele ya duka la simu, na watoto wakampigia makofi. Akaanguka tena akiwa anamtania mtu aliyeanguka.

Tulipofika njia iliyo tambarare nikamuuliza, bila kumtazama, "Maji ya kunawa ulimwaga wapi?"

"Nje."

"Nje wapi?"

"Mlangoni, anti."

"Na pale mlangoni ulikuwa unamkemea nani?"

Akavuta kofia mpaka kwenye masikio. Baada ya muda akasema, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Sikujua kama yanaganda haraka vile. Yalikuwa maji moto."

"Ya moto au ya baridi, yakimwagwa hapa yanaganda. Usimwage kitu mlangoni ila chumvi."

"Mungu angeweza kumzuia asianguke."

"Angeweza. Wewe pia ungeweza."

Nilisema kwa ukali, na sijutii. Lakini nilimpa mkono tukavuka barabara, kwa sababu mtu akishatambua jambo hana haja ya kusukumwa tena.

Kabla sijawafikisha kwa Doreen, niwaambie ushuhuda wa Jumapili iliyofuata, kwa maana hilo ndilo lililonichoma kuliko barafu. Wazee wa kanisa walisikia kwamba mimi na Elisha tulitembea. Wakafurahi. Wakamwambia asimame aeleze ushindi. Wakamwambia habari ya beseni haina faida kwa kusanyiko, inapunguza utukufu. Kijana akasimama, amevaa tai, akaanza: "Wapendwa, adui alikusudia kumwangamiza dada yetu..."

Furaha alikuwa benchi la pili, mkono umefungwa plasta mpaka kwenye kiwiko. Hakusimama. Aliuliza tu, pale alipokaa, kwa sauti ya mtu anayetaka kujua:

"Kaka Elisha, huyo adui alikuwa ameshika beseni la rangi gani?"

Mtoto mmoja akacheka. Elisha akatazama tai yake, akatazama watu, akamtazama mama yake.

"La buluu," akasema. "Ni mimi niliyemwaga. Dada Furaha, nisamehe."

"Huyu mtoto ataniua," Mama Neema akasema, na kanisa zima likaangua kicheko, hata waliokuwa wamefumba macho.

Nilimheshimu Elisha siku ile kuliko siku zote alizopaza sauti. Lakini baada ya ibada mzee mmoja alinifuata nje, akaniambia kwamba sisi wanawake wawili tumedhoofisha imani ya watu. Nilitazama miguu yangu kama kawaida yangu. Jibu lilinijia nikiwa nimeshafika nyumbani, kama kawaida yangu, na sasa nampa hapa: imani inayovunjika kwa beseni moja la maji si ya kusikitikia. Mimi namwamini Mungu aliyenipa macho ya kuona povu la sabuni. Sihitaji kumtengenezea adui ili aonekane ameshinda.

Na ninyi mnaosema kila jambo lina kusudi, mnajuaje? Ron alikufa mwezi wa tano na mpaka leo sijui kusudi. Nikilijua nitawaambia. Kabla ya hapo nakaa kimya, na nawaomba mkae kimya nami, hasa mkiwa mmekaa mahali pa joto na mnaongea habari za mtu aliyeachwa kwenye baridi. Semeni: sikufika. Semeni: nilishindwa, nilijaribu hivi na hivi, nikampigia fulani. Hayo ni maneno ya mtu mzima, na Mungu anaweza kuyasikiliza.

Basi, Castle Vale. Tulifika jua limeshuka nyuma ya nyumba na baridi imeanza kung'ata upya. Ufunguo wa Doreen ulikaa katika kisanduku cha namba ukutani, nacho kilikuwa kimeganda. Elisha akaokota jiwe.

"Weka chini," nikamwambia. "Unataka kumwamsha kwa mabomu?"

Nikakikumbatia kile kisanduku kwa viganja vyangu viwili, nikakipulizia pumzi, nikakikumbatia tena mpaka vidole vikaacha kuwa vyangu. Namba zikasogea. Ufunguo nikaupata, lakini kabla ya kuutumia niligonga mlango. Gongeni siku zote, hata mkiwa na ufunguo. Nyumba ni ya mwenyewe.

Ndani, pumzi zetu zilionekana. Rediata ilikuwa baridi kama jiwe la mto, maana bomba dogo la boila lililo nje lilikuwa limeganda na boila likajizima. Doreen alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha. Alikuwa amelivuta pazia kwa mkono wake mmoja wenye nguvu, mpaka likang'oka pamoja na vyuma vyake, akajifunika nalo mpaka kidevuni. Midomo ilikuwa ya buluu. Macho yalikuwa wazi na yana hasira, nami nikamshukuru Mungu kwa ile hasira.

"Umechelewa, bab," akasema. Bab ndivyo wanavyoitana watu wa mji huu wakipendana, na wakigombana pia.

Nikamweleza kuhusu Furaha huku nikimshika miguu. Ilikuwa baridi mno. Msiisugue miguu ya namna ile. Ifunikeni polepole, mwili upate joto kwanza kifuani. Nikaivua skafu yangu nikamfunga kifuani, nikamtuma Elisha alete mablanketi yote ya chumbani.

"Amevunjika?" Doreen akauliza.

"Mkono."

"Maskini. Na huyu aliyevaa soksi juu ya viatu ni nani?"

"Elisha, wa kanisani kwetu."

"Mhubiri?"

"Anajifunza."

"Basi asikie." Meno yake yaligongana, akasubiri yatulie. "Tangu saa sita nimekuwa nikimtukana Mungu. Kwa sauti. Maneno ambayo hata mume wangu hakuwahi kuyapata kwangu, naye aliyastahili."

Elisha alisimama na mablanketi kifuani, akanitazama aone nitafanya nini. Mimi nilikuwa namfunga Doreen mabega.

"Akakujibu nini?" nikamuuliza.

"Hakunijibu kitu. Nikamaliza matusi yote ninayoyajua, nikaanza upya. Nikafika katikati." Akavuta pumzi. "Halafu mkagonga mlango."

Nikamsikia Elisha nyuma yangu akijaza mapafu. Nilijua bila kugeuka kwamba ameshaanza kuinua mikono.

"Elisha," nikamwambia, "weka birika."